Ndugu Kakamatwa Houston: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Jela na Rekodi za Kaunti ya Harris

Maelezo haya ni ya Kaunti ya Harris, jimbo la Texas, yaani Houston na miji inayoizunguka. Texas ina kaunti 254, na kila moja ina sherifu wake, na nyingi zina jela yao na tovuti yao, kwa hiyo usiyabebe haya ukaenda nayo Dallas ukidhani kila kitu kitafanana. Tumeichagua Harris kwa sababu Waswahili huku ni wengi, na maswali ni yale yale: kakamatwa, yuko wapi, tunamtoaje. Majibu haya hayachukui nafasi ya wakili.

Ndugu yangu kachukuliwa na polisi usiku huu. Nianze wapi?

Fungua tovuti rasmi ya Harris County Sheriff's Office, sehemu ya kutafuta mtu aliye jela. Ni bure. Unaandika jina la ukoo na jina la kwanza. Ukiwa na namba yake ya SPN, tumia hiyo uachane na majina. SPN ni namba ambayo Kaunti ya Harris humpa kila anayeingia kwenye mfumo wake wa jinai, nayo humfuata: aliyekamatwa 2015 akikamatwa tena leo anakutwa na namba ile ile. Ukiipata, iandike pembeni, maana jela wataiuliza, karani wa mahakama ataiuliza, na wakala wa dhamana naye ataiuliza.

Anayekamatwa na polisi wa Houston au maofisa wa sherifu kwa kawaida hupelekwa kwanza Joint Processing Center, 700 North San Jacinto, katikati ya mji. Jengo hilo lilianza kazi 2019, na ndilo lililochukua nafasi ya jela za jiji la Houston. Mle ndani mtu huchukuliwa alama za vidole, hupigwa picha, huulizwa maradhi yake na dawa anazotumia, kisha hufikishwa mbele ya hakimu. Mahakimu wa hapo hukaa usiku na mchana, Jumapili na sikukuu. Shughuli yote huchukua saa kadhaa, kwa hiyo jina lisipoonekana mapema, subiri utafute tena. Watu wengi huanza kupiga simu hospitali na mochwari wakati mtu wao yuko kwenye foleni ya alama za vidole.

Nimeandika jina lake na tovuti inasema hayupo. Ina maana kaachiwa?

Si lazima. Kwa watu wetu, sababu ya kwanza huwa ni jina lenyewe.

Mfumo wa Marekani unataka jina la kwanza na jina la ukoo. Mkongo mwenye majina matatu anaweza kuwa ameandikwa kwa jina lolote kati ya hayo kama la ukoo, kutegemea nani alijaza fomu za ukimbizi na ofisa wa jela alisoma kadi ipi. Kwa hiyo yazungushe: la kwanza na la mwisho, la kwanza na la kati, kisha yageuze. Alama ya ng' huwa inapotea, Ng'ang'a akawa Nganga. Abdulrahman anaweza kuwa neno moja, mawili, au yenye kistari katikati. Mwenye jina moja tu kwenye hati zake za safari huandikiwa herufi FNU (First Name Unknown, yaani jina la kwanza halijulikani) mahali pa jina la kwanza, na FNU hiyo humfuata mpaka jela. Ukikwama, andika herufi chache za mwanzo za jina la ukoo uone tovuti itakuletea nini, kisha linganisha umri.

Tarehe ya kuzaliwa nayo ina mitego yake. Wamarekani hutanguliza mwezi, hivyo 03/07 kwao ni tarehe 7 Machi. Sisi tunasoma tarehe 3 Julai. Halafu kuna wale waliopewa tarehe 1 Januari kambini kwa sababu siku halisi haikujulikana. Familia inamtafuta kwa siku wanayomjua nyumbani, kumbe serikali inamjua kwa 1 Januari. Tafuta picha ya kadi yake ya kijani, leseni au hati ya kusafiria, uandike kama ilivyo pale, hata kama imekosewa.

Nimejaribu majina yote, bado hayumo. Anaweza kuwa wapi?

Swali la kuuliza hapa ni nani aliyemkamata, kwa sababu kila mkamataji ana jela yake.

Houston yenyewe imetapakaa hadi kaunti za Fort Bend na Montgomery. Barabara moja tu inaweza kukuvusha kutoka Harris kwenda Fort Bend bila wewe kujua, na aliyekamatwa upande ule yuko jela ya Richmond, si katikati ya Houston. Kila kaunti ina ukurasa wake wa kutafuta mtu. Baadhi ya miji midogo ndani ya Harris nayo ina mahabusu yake ya muda kabla mtu hajahamishiwa kaunti.

Akikamatwa na vyombo vya serikali ya shirikisho, ile ya Marekani nzima, mtafute kwenye tovuti ya Federal Bureau of Prisons, ambayo ina majina ya wafungwa tangu 1982. Aliyekwisha kuhukumiwa kifungo cha jimbo hayuko tena jela ya kaunti bali magereza ya Texas, chini ya Texas Department of Criminal Justice, na huko kuna utafutaji mwingine tena.

Kuna pia hili la watu kuhamishwa. Jela ya Harris imekuwa ikifurika, na miaka ya karibuni kaunti imewalipia baadhi ya mahabusu nafasi mbali, hata Louisiana na Mississippi. Bado ni mahabusu wa Harris na kesi yake iko Houston. Kabla hujaendesha gari kwenda kumwona, soma ukurasa wake uone yuko jengo gani.

Na kama kashikwa na uhamiaji?

Jela ya kaunti haitakuonyesha. Nenda locator.ice.gov, tovuti ya ICE, yaani idara ya uhamiaji inayokamata watu. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni namba yake ya uhamiaji, ile yenye tarakimu 9 inayotanguliwa na herufi A, pamoja na nchi aliyozaliwa. Ya pili ni jina kamili na nchi aliyozaliwa, na hapo jina lazima lilingane na la kwao herufi kwa herufi. Walio chini ya miaka 18 hawamo kwenye utafutaji huo.

Angalia sana hiyo nchi ya kuzaliwa. Kijana wa Kikongo aliyezaliwa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, ni Mkongo kwa uraia lakini fomu inaweza kusema Tanzania. Mama yake atachagua Congo kwa moyo mweupe na tovuti itamwambia hakuna mtu. Jaribu zote mbili. Zaidi ya hapo kuna Congo ya Kinshasa na Congo ya Brazzaville, na aliyejaza fomu huenda alizichanganya.

Katika eneo hili mahabusu wa uhamiaji wako Houston penyewe na Conroe, kaskazini, katika Kaunti ya Montgomery.

Wanasema ana "ICE hold". Nilipe dhamana au nisilipe?

Hili liulize kabla hujatoa hata dola moja. Maana yake ni kwamba uhamiaji wameiomba jela wasimwachie siku yake ya kutoka bali wamshikilie hadi saa 48 zaidi waje kumchukua. Texas ilipitisha sheria 2017 inayozitaka jela zake zitii maombi hayo. Kwa hiyo familia inaweza kukopa, ikachangishana kwenye kundi la WhatsApp, ikalipa dhamana, na mtu akatoka mlango mmoja akaingia mwingine. Zaidi ya hapo, akiwa mikononi mwa uhamiaji anaweza kushindwa kufika mahakama ya Houston, na dhamana mliyolipa ikaingia hatarini.

Wakati mwingine kulipa bado kuna faida, wakati mwingine hakuna kabisa. Anayeweza kukwambia ni wakili wa uhamiaji akikaa pamoja na wakili wa jinai. Hata mtu mwenye kadi ya kijani anahusika, kwa sababu kukubali kosa fulani kwa haraka ili arudi kazini Jumatatu kunaweza kumfukuzisha nchini miaka baadaye. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua 2010, katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, kwamba wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja wake asiye raia hatari hiyo. Mkumbushe ndugu yako amuulize wakili wake swali hilo waziwazi.

Dhamana inafanyaje kazi?

Hakimu anaweza kumruhusu kujidhamini, yaani anatia saini ahadi ya kurudi mahakamani na hatoi fedha mlangoni. Kwa makosa madogo hili limekuwa la kawaida Harris tangu makubaliano ya 2019, yaliyomaliza kesi iliyofunguliwa 2016 kupinga kaunti kuwaweka ndani watu maskini kwa kukosa fedha tu.

Ukilipa taslimu kiasi chote, fedha ni zako. Kesi ikiisha na mshtakiwa hakukosa tarehe hata moja, unarudishiwa baada ya makato madogo. Hifadhi risiti, na iwe na jina la aliyetoa fedha kweli. Njia inayotumiwa na wengi ni wakala wa dhamana, ambaye kwa kawaida hutoza asilimia 10. Dhamana ya dola 5,000, unampa 500, na hizo hazirudi hata kesi ifutwe kesho. Soma mkataba wake wote. Anayetia saini kama mdhamini ndiye atakayedaiwa zile 5,000 ndugu akitoroka, na nimeona watu wakitia saini kwa ajili ya mtoto wa jirani kana kwamba wanatia saini kadi ya harusi.

Nikitaka rekodi ya kukamatwa, na si kujua tu alipo, naiomba wapi?

Hapa watu huchanganya karatasi tatu. Ripoti ya polisi iko kwa polisi waliokamata. Rekodi ya jela, yenye siku ya kuingia, shtaka na dhamana, iko kwa sherifu. Jalada la kesi liko kwa karani wa mahakama. Zote zinasimulia tukio moja lakini hazisemi jambo moja: jela wanaweza kuwa wameandika shtaka moja na mwendesha mashtaka akafungua lingine, au asifungue kabisa.

Kwa Harris, majalada ya makosa makubwa na ya makosa madogo ya daraja A na B yanatunzwa na Harris County District Clerk, na mengi unaweza kuyatafuta mtandaoni kwa jina au SPN. Daraja C, ambalo adhabu yake ni faini isiyozidi dola 500, liko kwenye mahakama za jiji na za wale mahakimu wa mitaa waitwao Justice of the Peace. Tiketi za barabarani nyingi ziko huko, na ndiyo maana mtu anaapa hana kesi popote wakati ana hati ya kukamatwa kwa tiketi aliyoisahau.

Ripoti ya polisi unaiomba kwa maandishi chini ya sheria ya jimbo iitwayo Texas Public Information Act. Haina masharti ya uraia, na ofisi hairuhusiwi kukuuliza unaitakia nini. Taarifa za msingi za mtu aliyekamatwa ni za umma. Uchunguzi unaoendelea wanaweza kutaka kuuficha, na hapo wanapaswa kupeleka ombi kwa Mwanasheria Mkuu wa Texas ndani ya siku 10 za kazi.

Tovuti zinazotaka dola chache kunipa "ripoti kamili" zinafaa?

Kwa maoni yangu, hapana. Zinachota kwenye rekodi hizi hizi za bure, mara nyingi za zamani, zinakuchanganyia watu watatu wa jina moja, na kadi yako inaendelea kukatwa kila mwezi. Zile zinazochapisha picha za jela ni balaa zaidi. Texas ilitunga sheria 2013 inayokataza tovuti za namna hiyo kutoza fedha ili kuondoa au kusahihisha rekodi yenye makosa au isiyokamilika. Anayekwambia lipa niifute picha, usimlipe. Hifadhi ujumbe wake.

Nimepigiwa simu na "ofisa wa sherifu" akitaka fedha za dhamana mara moja.

Kata simu. Matapeli wanasoma orodha zile zile unazosoma wewe, kwa hiyo wanajua jina la ndugu yako, shtaka lake na kiasi cha dhamana. Wanaweza hata kuifanya namba ionekane ni ya ofisi ya sherifu. Watakwambia ununue kadi za zawadi dukani uwasomee namba za nyuma, au utume kwa Zelle au Bitcoin. Ofisi ya sherifu haikusanyi dhamana kwa njia hizo. Piga wewe mwenyewe kwa namba iliyo kwenye tovuti rasmi.

Akinipigia kutoka jela, tuongee nini?

Afya yake, dawa zake, watoto wanalala wapi, gari liko wapi, wakili ni nani. Kesi msiiguse. Simu za jela zinarekodiwa, na kuongea Kiswahili, Kibembe au Kinyamulenge si ulinzi, mwendesha mashtaka akitaka atapata wa kumtafsiria. Mtu akianza "unajua ilivyokuwa, mimi nili…", mkatize: hayo mwambie wakili. Asiyeweza kumlipa wakili aombe wa mahakama. Kaunti ina ofisi ya mawakili wa umma. Na aombe mkalimani wa Kiswahili tangu mwanzo, asikubali kutikisa kichwa kwa mambo ambayo hakuyaelewa kwa sababu ya aibu.

Kesi ilifutwa. Kwa nini bado inaonekana?

Kwa sababu kufutwa kwa kesi hakufuti kumbukumbu zake. Kukamatwa kunabaki kwenye rekodi mpaka mahakama itoe amri ya kuifuta, na amri hiyo lazima uiombe. Aliyeachiwa huru baada ya kesi kusikilizwa ana haki ya kuiomba. Aliyekamatwa bila kufunguliwa mashtaka hungoja: siku 180 kwa daraja C, mwaka 1 kwa daraja A au B, miaka 3 kwa kosa kubwa. Pia kuna amri nyepesi, ambayo haifuti bali huificha rekodi isionekane na waajiri wengi na umma. Ndiyo wanayoomba wengi waliomaliza muda wa uangalizi wa mahakama bila kuhukumiwa rasmi.

Kampuni za kuchunguza historia za waombaji kazi zinafungwa na sheria ya shirikisho: kukamatwa kusikozaa hukumu, kukiwa na zaidi ya miaka 7, hawaruhusiwi kukuripoti kwa kazi zenye mshahara wa chini ya dola 75,000 kwa mwaka.

Rekodi ikishafutwa, niandike nini kwenye fomu ya uraia?

Andika ukweli. Fomu ya kuomba uraia inauliza kama uliwahi kukamatwa, na amri ya Texas haiwafungi maofisa wa uhamiaji. Alama zako za vidole zilishafika kwao. Kukamatwa kwenyewe mara nyingi huvumilika. Kuficha ndiko kunakoharibu. Halafu ule uangalizi ambao kwa Texas si hukumu, kwa uhamiaji mara nyingi unahesabiwa kuwa hukumu. Kabla ya kuomba amri ya kufuta, nenda kwa District Clerk, 201 Caroline, uchukue nakala iliyothibitishwa kwa muhuri inayoonyesha kesi iliishaje. Ukishafuta kwanza ndipo ukaanza kuitafuta karatasi hiyo, utazunguka sana, maana ofisi haitakuwa na kitu cha kukupa.

Je, ubalozi wetu utajulishwa?

Inategemea pasi yako. Marekani ina orodha ya nchi ambazo ubalozi wao lazima ujulishwe raia wao akikamatwa, atake asitake, na Tanzania imo, kama ilivyo Zambia. Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Congo hazimo. Raia wao huulizwa kama anataka ubalozi upewe habari. Aliyekimbia serikali ya kwao ana haki ya kusema hapana pale anapoulizwa, na maofisa hawapaswi kuueleza ubalozi wowote kwamba mtu aliomba hifadhi.

Mwanangu ana miaka 17, bado yuko shule. Anatafutwa kwenye jela ya watoto?

Hapana, mtafute kwa sherifu pamoja na watu wazima. Kwa sheria ya jinai ya Texas, mwenye miaka 17 ni mtu mzima, na rekodi yake ni ya umma kama ya baba yake. Wa miaka 10 hadi 16 ndio wa mahakama ya watoto, na rekodi zao ni siri: hutawaona mtandaoni, itabidi mzazi mwenyewe awasiliane na idara ya watoto ya kaunti. Sasa fikiria wale waliopewa 1 Januari kambini. Ikiwa kijana wako kwenye karatasi ana 17 lakini una cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki au hati ya shule kutoka kambini inayoonyesha ana 16, mpelekee wakili wake siku hiyo hiyo.